Mwaka Mwajuma Aliponizika

Asubuhi ya kumzika mume wangu, ndugu zake walikuwa wanahangaika kutafuta mtani. Kwetu Mamboya msiba una mambo yake. Mchungaji anakuja, kwaya inakuja, akina mama wanapika, lakini kama hakuna mtani wa kuwasumbua wafiwa, wa kulala mlangoni jeneza lisipite na kumwiga marehemu alivyokuwa anatembea na alivyokuwa mchoyo, watu wanaona msiba umekaa vibaya. Wanabaki wamekakamaa. Watani wetu sisi Wakaguru ni Wanyamwezi, na siku hizi Mnyamwezi wa kupanda mpaka mlimani kwetu ni wa kutafuta kwa tochi. Zamani walijaa kule bondeni kwenye mashamba ya mkonge. Wengi wamekwisha kufa, na watoto wao wako Dar es Salaam. Kwa hiyo Mwajuma aliposhuka kwenye bodaboda pale chini ya kanisa, na baibui lake na fimbo yake, shemeji yangu alikuja mbio chumbani nilikokaa akaninong'oneza kwamba Mungu ametuletea Mnyamwezi. Nikamwambia asifurahi mapema. Huyo Mnyamwezi ninamjua mimi, na hajanitania tangu tulipokuwa wasichana.

Na kweli, Mwajuma aliingia kwa adabu zake zote. Akavua viatu, akawasalimia wazee mmoja mmoja, akanishika mkono kwa mikono miwili akaniuliza kama nimelala, kama nimekula, kama presha imetulia. Akaniita dada Damari. Kisha akakaa pembeni ya mkeka, magoti yamebanwa, utadhani katumwa na ofisi ya wilaya kuleta rambirambi. Shemeji akamfuata na ombi lake. Mwajuma akamjibu kwa upole kwamba ameshazeeka, miguu inauma, watafute mwingine. Mimi nilikuwa naangalia ukuta. Mazishi yangefanyika tu, kwa mtani au bila mtani. Mume wangu alikuwa mtu wa saa, asingetaka watu wacheleweshwe. Niliyekuwa na shida ni mimi. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu kwa Mwajuma, na nilikuwa nakitaka kwa miaka mingi: anitukane.

Mwaka alioacha kunitania nilikuwa Mikumi, nafanya kazi kwenye mgahawa wa barabarani ambako mabasi ya Iringa na Mbeya yalikuwa yanasimama watu wakala chipsi kwa haraka. Nilikuwa nalala stoo, mimi na magunia ya vitunguu, na mpaka leo harufu ya vitunguu vikavu inanirudishia usingizi. Mzee mmoja wa pale mjini, Mzee Chogo, alikuwa na wazo ambalo wenzake walikuwa wanalicheka. Aliona watalii wote wanakuja kuangalia wanyama ndani ya magari, akasema lazima wapo na wengine wanaotaka kutembea. Basi akachonga njia. Wageni walikuwa wanashuka kwenye treni Munisagara, wanapanda milima kwa miguu, wanaifuata migongo ya milima kuelekea kusini, halafu wanateremkia Zombo ambako gari linawasubiri kuwaleta Mikumi. Njiani alijenga mabanda ya kulala, umbali wa mwendo wa siku moja kutoka banda hadi banda. Na safari zenyewe alizipanga kipupwe, Juni mpaka Agosti, kwa sababu masika njia ile ni utelezi mtupu. Tatizo ni kwamba kipupwe kule juu ni baridi inayoingia mpaka kwenye meno. Alihitaji wapishi wawili wenye shingo za kubeba. Mmoja nikawa mimi.

Wa pili alikuwa Mwajuma. Tulikutana uani kwa Mzee Chogo, tumepewa wali na mchicha. Mzee akaniuliza kwetu wapi, nikasema Mamboya. Msichana nisiyemjua, mwembamba, mwenye mwanya, akanyoosha mkono akachukua sahani yangu akaanza kula bila hata kuniangalia. Nikajua hapohapo kabila lake. Nilichukua ndala zake nikazitupa juu ya bati. Mzee Chogo alidhani kaajiri vichaa wawili, lakini kufika jioni tulikuwa tunasukana nywele. Aliniambia watu wa mlimani hatuogi kwa sababu maji yanatuogopa. Mimi nilimwita punda, maana babu zake walikuwa wapagazi waliopita kwetu wamejitwika pembe za ndovu za watu wengine, na yeye sasa amerithi sufuria. Utani ndivyo ulivyo, hauna kuomba radhi. Mtani akikuchukulia kitu chako huruhusiwi kununa, akikutangazia msiba huruhusiwi kukasirika. Sijawahi kuwa na rafiki niliyempenda vile, na ninasema hivyo nikiwa nimeolewa vizuri na nimezaa.

Mabanda yale ninayaona mpaka leo. Kuta za udongo, paa la nyasi, ndani uchaga wa fito uliotandikwa majani makavu, na katikati mafiga. Ukuta wa matete ulitenga upande wa wageni na upande wetu, na matete hayazuii sauti. Kulikuwa na sheria moja ya njia ile, ya Mzee Chogo mwenyewe: ukiondoka asubuhi, uache kuni kavu zimepangwa ukutani na ndoo ya maji imefunikwa, kwa ajili ya watakaokuja. Sisi wapishi tulikuwa tunabaki nyuma kuosha vyombo na kupanga kuni, kisha tunawapita wageni kwa njia za mkato, mizigo kichwani, ili watukute banda la mbele chai imeshachemka. Mimi nilikuwa nachelewa kumaliza. Mwajuma alikuwa anatangulia, ananisubiri kwenye kijito, na mimi nilikuwa nafika kwa nyuma na tusi jipya. Tulipika makande, ugali na dagaa, viazi vitamu tukivifukia kwenye majivu. Wageni walikuja na supu zao za unga kwenye pakiti. Mwajuma alionja mara moja, akauliza kwa heshima kama ni maji ya kuoshea sufuria.

Alikuwapo mama mmoja wa Kizungu, mtu mzima, mwenye mkoba mgongoni mkubwa kuliko yeye. Alisema hii siyo baridi. Kwao watu wanatembea hivihivi kwenye theluji, wiki nzima, wanalala kwenye vibanda vya mbao, na hakuna anayewalazimisha. Kaka Beda, kiongozi wetu wa njia, Msagara wa kulekule milimani, ndiye aliyetutafsiria. Mwajuma akasema basi kwao hawana watani wa kuwaambia ukweli. Katika msafara huohuo walikuwamo walimu wawili wa Dar es Salaam, na jioni moja, tukiwa tunachambua maharage upande wetu wa matete, tulimsikia mmoja wao akimwambia kaka Beda atutenganishe, kwamba wale wadada wanachukiana na mmoja atakuja kumuua mwenzake. Tulijiziba midomo kwa khanga. Beda akaanza kueleza utani, akaeleza kwa Kiswahili, akarudia kwa Kiingereza kwa ajili ya yule mama. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali, na Beda akalitafsiri kwa walimu: sasa mmoja wao akisema kweli, mwenzake anajuaje? Beda akacheka, akasema wanajua tu. Sisi upande wa pili tukatikisa vichwa, tukaendelea na maharage.

Kesho yake ilikuwa siku ya kupanda banda la juu, mlima mkali kuliko yote. Chini ya mlima nikajifanya nimeteguka mguu. Nilichechemea vizuri, nikauma mdomo, mpaka Mwajuma akachukua sufuria yangu akaiweka juu ya yake. Alipanda na sufuria mbili mpaka kwenye kijito cha juu, anahema, na hapo mimi nikaweka mikono kiunoni nikamchezea ngoma kwa mguu uleule. Wageni walipiga makofi. Mwajuma alinimwagia maji ya kijito mgongoni, maji ya kipupwe, mimi nimeloa jasho. Lilikuwa jibu la haki kabisa na nililipokea kwa kucheka. Jioni nikaota moto, sweta likakauka, tukalala.

Nilipoamka asubuhi upande wangu wa kulia ulikuwa kama umechomekwa kisu. Kila nikivuta pumzi kisu kinazunguka. Ilikuwa kichomi, lakini sikujua; nilijua tu kwamba mwili si wangu, na kwamba nje kuna ukungu na ndani yangu kuna moto. Mwajuma alikuwa anakoka moto. Nikamwambia, "Mwajuma, siwezi kuamka." Akaweka kuni chini, akaniangalia vizuri. Halafu akapiga yowe la msiba, lile refu lenye mikono kichwani, akawaita watu wote waje kushuhudia. Akavuta majani ya uchaga akanifunika mpaka shingoni. Akasoma wasifu wa marehemu: alizaliwa Mamboya, hajaoga tangu siku ile, tunaomba mbinguni wafungue madirisha kabla hajafika. Akagawa mirathi. Birika akampa kaka Beda, sweta langu akalivaa mwenyewe. Watu walicheka sana. Nami nilicheka, na kucheka kuliniuma nikakohoa, na kukohoa kwangu kukawachekesha zaidi. Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli kwa mara ya pili. Badala yake nikasema kile ambacho Mkaguru yeyote angemwambia Mnyamwezi pale: "Nenda zako, punda, mzigo unakusubiri." Hilo ndilo lililowaondoa. Mtu anayejibu utani ni mzima.

Wakaondoka. Mwajuma alitangulia na sufuria zote, akisema maiti habebi, na kwamba marehemu atafufuka akisikia njaa. Nilisikia sauti zao zikiteremka, kisha nikabaki na ndege. Ninakumbuka mwanga ulivyokuwa unapita kwenye matete na kuchora mistari kwenye blanketi. Moto ulikuwa unakufa. Kuni zilikuwa zimepangwa ukutani, karibu kabisa, ningenyoosha mkono ningezifikia kama mkono ungekubali, na akili yangu ya homa ikawa inanikataza, ikiniambia zile ni za wageni wanaokuja, nitamweleza nini Mzee Chogo. Sikuogopa kufa. Watu hawaniamini nikisema hivyo, lakini nilikuwa nimechoka mno kuogopa. Nilichokifikiria ni kwamba nimechelewa kwenye kijito na sina tusi.

Yaliyofuata nimeelezwa na kaka Beda. Mwajuma alifika kwenye kijito akatua mizigo, akakaa kunisubiri. Alikuwa ameandaa jibu, Beda alisema, alikuwa analijaribu peke yake na kucheka. Wageni wakapita. Akaendelea kukaa. Baadaye akasimama, akaacha kucheka, na bila kumwambia mtu akaacha sufuria katikati ya njia akakimbia kurudi juu. Beda aliona sufuria hazina mwenyewe, naye akageuka. Alimkuta njiani anateremka amenifunga mgongoni kwa khanga, kama anavyofungwa mtoto, sweta langu amenivisha nyuma mbele, miguu yangu inaburuta. Hakukubali kunitua mpaka Beda alipokata miti ya machela. Zombo walinipakia kwenye baiskeli, kisha kwenye lori la mahindi mpaka Mikumi, hospitali. Mimi sikumbuki chochote kati ya mistari ya matete na dari nyeupe ya wodi.

Nilikaa wodini mpaka mahindi ya watu yakaanikwa yakaisha. Mwajuma alikuwa anakuja na uji kwenye chupa ya chai. Siku ya kwanza niliyoweza kusema nilimwambia uji wake una ladha ya kwato. Nilitaka nione mwanya wake. Yeye akatazama kikombe, akakizungusha mkononi, akasema, "Pole, dada. Kesho nitauchuja." Dada! Alikuwa hajawahi kuniita dada. Nilidhani ni hofu ya hospitali, kwamba nikitoka itapita. Haikupita. Mwaka uliofuata Mzee Chogo alikata tamaa na njia yake, mchwa wakala mabanda, mioto ya kiangazi ikamaliza nyasi, nasi tukatawanyika. Yeye akaolewa Kilosa mjini, mimi nikarudi mlimani.

Siku ya harusi yake niliiba viatu vya bibi harusi nikavificha kwenye tanuri la mikate, tanuri baridi, sikuwa mjinga. Mashangazi zake wa Kinyamwezi walifurahi, wakasema kumbe yupo Mkaguru mwenye akili. Mwajuma aliniita pembeni akanishukuru kwa kuja kutoka mbali, akaniomba nikishapumzika nivilete. Nilivileta. Kwenye harusi yangu alileta kitenge kizuri akakaa kimya kwenye kiti, mpaka mume wangu akaniuliza kama huyo kweli ndiye yule mtani ninayemsimulia kila siku. Kila mavuno alinitumia mchele. Simu zilipoingia akawa anapiga kila mwanzo wa kipupwe kuniuliza kifua. Mchele mzuri, wa kunukia, na ninamshukuru. Lakini ningependa zaidi aje aibe kuku wangu. Pafu langu la kulia halijawahi kurudi sawasawa, nikipanda kilima ninapumzika mara nyingi, na hilo nimelizoea, halinisumbui. Lililonisumbua ni zile adabu. Mtu aliyenibeba mgongoni akinishusha mlima alinigeuza mgeni, na kila nilipojaribu kuvuka kumfuata alikuwa ananikaribisha kiti.

Basi asubuhi ile ya msiba, nilipomsikia anamkatalia shemeji yangu, nikaona nimechoka. Nina umri ambao kipupwe kijacho hakina ahadi. Niliwaomba akina mama waliokuwa karibu watupishe kidogo, nikamwita Mwajuma aje kwenye godoro langu. Alikuja kwa magoti. Nikamuuliza wazi kwa nini ananinyima. Akawa anazungusha fimbo. Nje walikuwa wanagonga misumari ya jeneza.

"Mimi nilikuzika ukiwa hai, Damari," akasema. "Nilikufunika majani, nikavaa nguo yako, nikaondoka nacheka. Mdomo huu. Siutumii tena kwako."

Miaka yote ile nilikuwa nimejiandaa kumwambia maneno ya faraja, kwamba hakuwa na kosa, kwamba hata mimi nilimjibu vibaya, kwamba ni yeye aliyerudi. Nilikuwa nayo mengi na mazuri. Nilipomwangalia nikaona yakitoka, atayashukuru tu, kama alivyoshukuru kila kitu.

"Ulinizika vibaya," nikamwambia. "Ndiyo maana nimerudi. Kazi ya Mnyamwezi, unategemea nini?"

Akaniangalia. Kwa muda nikadhani nimemuumiza, na moyo ukanidunda kuliko ulivyodunda tangu mume wangu alipokata roho. Halafu mwanya ukaonekana, kidogo, upande mmoja.

"Nilikuzika vizuri," Mwajuma akasema. "Ardhi ndiyo iliyokukataa. Ilinusa."

Akasimama kwa fimbo yake, hakuniaga. Akapita katikati ya wazee bila kuomba njia, akakanyaga kanzu ya mtu, na tukamsikia anafika mlangoni na kujitupa chini kwa kishindo ambacho mwanamke wa umri wake asingepaswa kukimudu. Akapiga yowe. Akawatangazia wabeba jeneza, mchungaji na kwaya nzima kwamba hapiti mtu hapa, kwamba Wakaguru ni wezi, wamebeba mtu siyo. Wa kuzikwa ni yule mjane ndani, alishamzika zamani na akatoroka, na huyu maskini wa Mungu amekufa makusudi ili apumzike kutokana na harufu yake. Kisha mzee mmoja akacheka, na uwanja mzima ukalipuka. Akina mama walirudi chumbani wananitazama kwa wasiwasi kuona kama nimekasirika. Nilikuwa nimejifunika khanga usoni, nacheka na kulia kwa pamoja, sijui kipi kilitangulia. Nikawaambia wanisaidie kusimama, nitoke nikamjibu.